Gari Lililonyooshwa Mno

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, bila radi na bila upepo, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Banda la uani limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Ndugu yangu hakuja kunisalimu. Alipita moja kwa moja na turubai begani, akaenda kulifunika gari.

Naandika "ndugu yangu" kwa sababu ndivyo alivyo, lakini mtaa mzima humwita Msasa, nami nimechoka kupinga. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari, hadi alipostaafu. Gari lililobonyea kama kopo lilitoka mikononi mwake likiwa laini kama yai. Hata meza yangu ya kulia chakula aliipiga msasa siku moja bila kuniuliza, eti ilimkwaruza kiwiko.

Gari lenyewe ni jekundu, la milango miwili, na limo bandani mwangu tangu alipofiwa na mkewe, kwa kuwa nyumba aliyohamia haina uwanja. Amekuwa nalo kwa miaka thelathini. Kwa maelezo yake, ni moja kati ya magari machache sana ambayo kiwanda kiliyaunda kwa ajili ya mashindano, na yaliyobaki duniani yanahesabika kwa vidole. Mimi ninachojua ni kwamba linakaa mahali ambapo ningefuga kuku.

Chama cha magari ya kale kinaandaa maonyesho mvua zitakapokatika. Msasa ameomba gari lake liandikishwe rasmi kuwa la aina hiyo adimu. Wamemjibu kwamba watamtuma mkaguzi kwanza. Amefurahi kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni huku akilijua jibu.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Msasa amelipangusa gari mara mbili, ingawa halikutoka bandani.

Ijumaa, 14 Machi

Mkaguzi amekuja. Nilitazamia mwanamume wa makamo mwenye tai. Akashuka mwanamke wa miaka kama arobaini, amevaa ovaroli ya buluu na kubeba mkoba wa zana. Aliniamkia kwa heshima, kisha akavua viatu vyake vyenye tope mlangoni bila kuambiwa. Nilimpa alama hapo hapo.

Alilizunguka gari polepole. Alikuwa na tochi, na kioo kidogo chenye mpini mrefu kama cha daktari wa meno. Msasa alimfuata nyuma, mikono mgongoni, akitaja kila kitu kabla hakijaulizwa.

"Hiyo boneti ni ya alumini, binti yangu. Ibonyeze uone."

"Naiona, Mzee."

"Na vioo vya pembeni ni vyembamba kuliko vya kawaida. Walipunguza uzito."

"Naviona pia, Mzee."

Akaomba kiti cha nyuma kiondolewe. Msasa alikitoa kwa madaha, kama mtu anayefunua chakula mbele ya wageni. Mkaguzi akaingiza kichwa na tochi, akakaa humo muda mrefu kiasi kwamba nilianza kumhofia shingo yake. Alipotoka, aliuliza, "Gari hili limenyooshwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Limenyooka mno."

Msasa akatabasamu. Alidhani amesifiwa. Nakiri kwamba hata mimi nilidhani hivyo.

Mkaguzi akatueleza, na alieleza vizuri, sentensi moja baada ya nyingine. Kiwanda hakikuwa na karakana maalumu ya magari ya mashindano. Wafanyakazi walichukua bodi za kawaida, wakazisukuma hadi banda la pembeni, wakaziongezea vipande vya bati nene nyuma ya kiti, kulia na kushoto, ili springi zisije zikaipasua bodi kwenye njia mbovu. Walichomelea kwa mkono, tena kwa haraka.

"Nimeyakagua magari manne ya kweli," alisema. "Yote yana uchomeleaji mbaya mahali hapa. Mabonge mabonge, kama ugonjwa wa ngozi. La kwako ni laini kama sahani."

"Na kibati cha namba?"

"Kibati cha namba anaweza kukipiga mtu yeyote mwenye nyundo na seti ya herufi. Mzee wangu, ya bandia ni mengi kuliko ya kweli. Mtu anachukua gari la kawaida, anabadilisha boneti, anabandika nembo, anakuja kwetu na hadithi."

"Unaniita mwongo?"

"Hapana. Nasema sijakiona ninachokitafuta. Ripoti natakiwa kuitoa mwishoni mwa mwezi ujao. Ukiwa na cha kunionyesha, niite nitakuja."

Alikunywa chai yangu, akashukuru, akavaa viatu vyake vya tope. Msasa hakukigusa kikombe chake.

Ninaandika hapa jambo ambalo sikumwambia. Gari hilo likiandikwa kuwa la bandia, hasara haitakuwa kukosa maonyesho. Watu wote aliowasimulia, na amewasimulia wote, watasema kwamba ama alidanganya au alidanganywa. Ndugu yangu hana jambo jingine la kujivunia mbele za watu. Hilo ndilo.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuja. Mvua tangu asubuhi hadi jioni.

Jumanne, 18 Machi

Habari imekwisha kuvuka ukuta. Jirani, yule karani mstaafu wa posta ambaye hajawahi kuipokea barua bila kuisoma anwani ya nyuma, alisimama juu ya tofali leo akachungulia uani kwetu.

"Msasa, nasikia gari lako lina wazazi wawili. Nusu la kiwanda, nusu la kwako."

"Jirani," Msasa alimjibu bila kuinua kichwa, "meno yako yenyewe ni ya kununua, na hakuna aliyetaka ripoti."

Jirani alicheka hadi akateleza kwenye tofali. Nami nilicheka, peke yangu, nikiwa jikoni. Lakini aliposhuka, niliona Msasa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kitambaa kimelala mapajani, wala hapangusi kitu.

Nilimuuliza ni nani aliyemwambia Jirani.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza, Dada. Kwani ningesema nini?"

Jumapili, 23 Machi

Tumegombana. Niliona ni wajibu wangu kumuuliza alilipata wapi gari hilo, na kwa ushahidi gani.

Alisema aliuziwa na fundi mmoja wa magari ya mashindano aliyekuwa anahama.

"Alikuonyesha nini?"

"Alinionyesha gari."

"Msasa, mtu akikuuzia ng'ombe akakwambia ni twiga, utaangalia shingo au utaangalia mdomo wa muuzaji?"

"Nilimwangalia mikono. Alikuwa fundi."

Hivyo ndivyo alivyo ndugu yangu. Mtu yeyote mwenye grisi kwenye kucha anaweza kumweleza lolote akaamini. Nikamshauri aliandikishe gari kama la kawaida, aende kwenye maonyesho, arudi nyumbani, mambo yaishe.

"Dada, ungeambiwa kwamba cheti chako cha ualimu ni cha kughushi, ungekwenda kuomba kazi ya kufagia madarasa?"

Nilimwambia asifananishe vitu visivyofanana. Hakukaa kula. Mchuzi wote nimeula mwenyewe, nao haukuwa na ladha, ingawa niliupika kama kawaida.

Nadhani alitapeliwa. Naandika waziwazi, kwa kuwa daftari ni langu.

Alhamisi, 27 Machi

Banda limepata tundu jipya. Beseni la kufulia limehamia huko.

Jumatano, 2 Aprili

Binti yake amefika, ameliegesha lori nje ya lango na kuziba njia ya watu wote. Huendesha mizigo ya safari ndefu, hula akiwa amesimama, na huzungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Nimemkanya tangu utotoni. Hakuna kilichobadilika isipokuwa ukubwa wa gari lake.

"Shikamoo, Shangazi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Baba yako si mgonjwa."

"Nauliza gari."

Tulikwenda bandani pamoja. Alizunguka, akatia kichwa nyuma ya kiti kama alivyofanya Mkaguzi, akatoka. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na kujidai kwangu kwa kuuliza maswali, sikuliuliza.

"Baba, siku ulipolinunua, hapa nyuma palikuwaje?"

Msasa alikuwa ameshika kitambaa. Aliendelea kupangusa mahali pamoja, palipokuwa pakavu na safi. Akasema kwamba mvua inakuja, afadhali aangalie beseni. Beseni lilikuwa tupu.

"Umeona, Shangazi?" binti alininong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika hadi kwa Jirani. "Ana jambo, huyo."

Jumamosi, 5 Aprili

Analo. Amelisema leo, tukiwa tumekaa barazani huku mvua imeshusha pazia hata lango hatulioni.

"Palikuwa pabaya," alianza, bila mimi kuuliza.

"Wapi?"

"Nyuma ya kiti. Siku nilipolinunua. Bati limebandikwa juu ya bati, limechomelewa kama mtu aliyefumba macho. Nilidhani ni fundi wa kando ya barabara aliyelipiga kiraka. Dada, niliona haya kwa niaba yake. Nikasema, gari kama hili haliwezi kubeba aibu hii."

"Ukafanya nini?"

"Nilichofanya maisha yangu yote. Nikapanyoosha."

Kisha akaeleza kwamba upande mmoja alilikata bati lote akaweka jipya, kazi safi kabisa. Upande wa pili alikuwa amechoka. Alisaga vichwa vya yale mabonge, akamwaga pati juu, ule uji mzito wa kuzibia mabonde, akapiga msasa, akapaka rangi.

"Upande upi ulikata, na upi ulifunika?"

"Sikumbuki."

"Jitahidi."

"Nimejitahidi tangu alipoondoka yule mkaguzi. Wakati mwingine naona nilikata kulia. Wakati mwingine naona nilikata kote kuwili, na huku kuchoka nakumbuka ni kwa gari jingine. Nimenyoosha magari mengi, Dada."

Sasa nimeelewa kwa nini siku ile hakukigusa kikombe. Mkaguzi alipotamka neno "mabonge", alijua papo hapo alichokifanya. Ndugu yangu hakutapeliwa. Alipewa kitu cha kweli, akakisahihisha.

Nimekaa na neno hilo tangu alipoondoka. Nimesahihisha madaftari ya watoto kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, wala sijutii hata mstari mmoja wa wino mwekundu. Kosa ni kosa. Lakini daftari la mtoto halikusudiwi kuthibitisha kwamba mtoto yupo. Gari hili lilikuwa na makosa yake tu ya kulithibitisha, na sasa hayaonekani.

Jibu ni rahisi kulitaja: akwangue aone. Ugumu ni huu. Rangi ile aliichanganya mwenyewe, kopo kwa kopo, kutoka kwa watengenezaji waliokwisha kufunga. Kifundo cha mkono wake wa kulia hakimtii tena. Hata akiipata rangi, hataweza kuipaka hivyo mara ya pili, naye anajua. Akikwangua asikute kitu, atakuwa na gari la bandia mbele za watu, tena lililoharibiwa kwa mkono wake. Asipokwangua, atabaki na gari zuri ambalo hakuna anayeliamini.

Jumapili, 6 Aprili

Alikuja, akamwaga maji ya beseni, akarudi kwake. Nami nilifua.

Jumanne, 8 Aprili

Binti amepiga simu akiwa safarini. Injini ilikuwa inanguruma, kwa hiyo tulipiga kelele wote wawili.

"Shangazi, mwambie aache. Akikwangua akakosa, atavunjika. Mimi ndiye nitakayekuja kumwokota."

"Na asipokwangua?"

"Atanuna miezi miwili, kisha atasahau."

"Hatasahau. Amekumbuka uchomeleaji wa mtu mwingine kwa miaka thelathini."

Nikamwambia kwamba kazi ya kumchagulia baba yake si yangu wala si yake, na kwamba aangalie barabara.

Nilipoweka simu nilishangaa. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyemshauri alitangaze gari kuwa la kawaida, mambo yaishe.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ilipumzika asubuhi. Jua lilitoka likiwa limeoshwa. Nilikuwa naanika nguo nilipomsikia Msasa akifungua milango yote miwili ya banda, jambo ambalo halifanyi msimu huu kwa kuogopa unyevu.

"Dada, una kisu cha zamani usichokipenda?"

Nikajua. Nikamletea kisu, na kiti cha kukalia, na miwani yake aliyokuwa ameisahau barazani. Binti alikuwa amefika alfajiri. Alikuwa amelala ndani ya lori, akatoka na nywele zimesimama, akaja bila kuamkia mtu. Safari hii sikumkanya.

Kiti cha nyuma kilitolewa. Msasa alianza upande wa kulia. Nilidhani atasitasita, lakini alipoiweka ncha ya kikwangulio chake cha kazi kwenye rangi, aliisukuma kama fundi anayejua anachokifanya. Rangi ilitoka kwa vipande vidogo, ikaanguka kwenye gazeti tulilolitandika. Sauti yake haikuwa kubwa. Hata hivyo kila mara ilipotoka, binti alifumba macho.

Chini ya rangi nyekundu palikuwa na rangi ya msingi ya kijivu. Chini ya kijivu palikuwa na bati. Bati tupu, safi, lililonyooka, bila alama yoyote. Akapanua. Bati. Akashuka hadi chini karibu na springi. Bati, na mshono mwembamba sana uliochomelewa vizuri kupita kiasi, wa mkono wake mwenyewe.

"Huku nilikata," alisema.

Jirani alikuwa amekwisha kupanda juu ya tofali. Akavua kofia, jambo lililonikera, kwani hatukuwa msibani.

Msasa akakiweka kikwangulio juu ya gazeti. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Basi, Dada. Imetosha."

"Bado upande wa kushoto."

"Nikikwangua na huko, sitabaki na kitu. Afadhali nibaki nikidhani."

Binti alinigusa mkono, maana yake nimwache. Nilitaka kumwacha. Nilimtazama ndugu yangu ameinamisha kichwa juu ya viganja vyake, nikaona kwamba mtu aliyelala chini ya magari ya watu maisha yake yote, akaondoa kila alama ya ajali zao, leo anaombwa aonyeshe alama moja tu, naye haioni. Nikafikiri pia kwamba akibaki anadhani, atakuwa anadhani hadi mwisho wake, tena bandani mwangu, mbele ya macho yangu, kila mvua inyeshapo.

"Nani alisema ukwangue wewe?" nikamwambia. "Sogea."

"Dada, hujui kazi hii."

"Kukwangua nako ni kazi ya kujua? Nimekwangua masufuria uliyoyaunguza wewe ukiwa bado unapiga mluzi kwenye meno ya utoto. Sogea."

Binti akacheka kwa hofu. Msasa akasogea. Niliingia nyuma ya gari kwa magoti, jambo ambalo halimfai mtu wa umri wangu wala wa gauni langu, nikachukua kisu cha jikoni na kuanza. Nilikwangua vibaya. Nilisikia Msasa akivuta pumzi kila nilipopinda.

Rangi nyekundu, kisha kijivu. Kisha ikaja rangi nyingine, ya maziwa, laini kama chaki, na kisu kikaanza kuzama.

"Simama," Msasa alisema.

"Ni nini?"

"Pati. Dada, hiyo ni pati."

Hakuniacha niendelee. Alinishika bega, akanitoa nje taratibu, akaingia yeye. Sasa hakutumia nguvu kabisa. Alikuwa anachimba kwa ukucha wa kikwangulio, akipuliza vumbi, akichimba tena. Tulisikia kikwangulio kikigusa chuma, kikateleza, kikapanda juu ya kitu, kikashuka.

Bonge.

Karibu nalo, jingine. Kisha ukingo wa bati nene, uliokatwa upogo, na mstari wa mabonge yaliyosagwa vichwa lakini mizizi yake ikiwa bado imeshikilia, yakienda kama njia ya mlevi. Na matundu mawili ya skrubu yaliyokosana, mtu akayatoboa tena pembeni bila kujisumbua kuziba yale ya kwanza.

Nilitazamia Msasa alie. Alicheka. Alicheka kimya kimya, mabega tu yakitikisika, hadi miwani ikamteleza puani.

"Mtazameni huyu," alisema. "Mtazameni alivyochomelea vibaya. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfukuza."

Binti alikuwa amekaa chini kwenye sakafu yenye maji. Jirani, kutoka kwenye tofali lake, aliuliza kama ni nzuri au ni mbaya.

"Ni mbaya sana, Jirani," Msasa alimwambia. "Njoo uone ilivyo mbaya."

Jumapili, 13 Aprili

Mabega yananiuma. Mvua imerudi. Msasa alikuja mapema kupaka mafuta chuma kilichobaki wazi, kisishike kutu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkaguzi amekuja tena. Alivua viatu, akaingia na tochi, na safari hii alitoka haraka.

"Huyu ndiye," alisema. "Naufahamu mkono wake. Kuna gari jingine nililokagua lenye upogo huu huu wa kushoto."

Msasa akamwambia ukweli wote kuhusu upande wa kulia, kwamba alikata mwenyewe, kwamba bati lile la kiwanda lilikwenda na vyuma chakavu. Nilikuwa nimemshauri asubiri aulizwe kwanza. Hakusubiri.

Mkaguzi aliandika. "Nitaandika kama nilivyoona, Mzee. Kushoto ni kazi ya kiwanda, kulia ni ya mwenye gari. Wapo wanachama watakaonung'unika."

"Watasema kushoto nimejitengenezea."

"Waseme. Sijawahi kumwona tapeli aliyeghushi uchomeleaji mbaya, kisha akauficha chini ya pati kwa miaka thelathini ili usionekane. Anayeghushi hukuonyesha."

Nilipokuwa namhukumu mwanamke huyu mwezi uliopita, nilidhani amekuja kumnyang'anya ndugu yangu kitu. Kumbe yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakitafuta. Sisi wengine tulikuwa tunatafuta namna ya kumfariji tu.

Kabla ya kuondoka, alisema kwamba katika magari mengine aliona vipande vya namna hiyo hata chini ya kizingiti cha mlango, na kwamba huenda hapa vipo pia, ikiwa pati ilipita huko. Alisema hivyo tu, kama mtu anayeongea na nafsi yake. Nilimwona Msasa akiutazama ubavu wa kushoto wa gari kuanzia nyuma hadi mbele, polepole.

Jumatatu, 28 Aprili

Ripoti imekuja. Gari ni la kweli, na maelezo ya upande wa kulia yameandikwa. Msasa aliisoma akiwa amesimama, akanipa niikague. Ina koma mbili zisizohitajika. Sikuzitaja.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ni siku ya maonyesho. Mvua imekatika tangu juzi na anga imerudia rangi yake.

Gari halikwenda. Chama kilimwandalia nafasi ya mbele, karibu na lango, lakini ubavu wote wa kushoto hauna rangi kuanzia buti hadi taa ya mbele. Msasa aliwajibu kwa simu kwamba linashukuru, ila halijavaa. Jirani alikwenda kwa niaba yetu, kwa madai kwamba lazima mtu akawaeleze wale watu, na ameahidi kutowaeleza zaidi ya anachokijua. Siamini.

Sisi watatu tulikuwa bandani tangu asubuhi. Binti amechukua likizo, analala chini ya kizingiti na kutuhubiria kutoka huko. Amekwisha kupata vipande viwili vya kiwanda, kimoja kimewekwa kichwa chini miguu juu. Kila anapokipata kimoja, baba yake huingia chini naye, nami huona miguu minne tu, na husikia wakimcheka fundi wasiyemjua kana kwamba ni ndugu wa ukoo aliyekosea njia ya kwenda harusini.

Mimi nimepewa sehemu ya nyuma, juu ya gurudumu, mahali ambapo pati ni nene na mwanafunzi hawezi kuharibu sana. Hivyo ndivyo Msasa alivyosema: mwanafunzi.

Saa nne hivi tulisikia honi za magari ya maonyesho zikipita barabara kuu, za kila aina, nyingine kama bata. Binti alisimamisha kazi. "Baba, ndio hao wanapita."

"Wapite salama," alisema, akaomba apewe tochi.

Baadaye kidogo pati ilibanduka mikononi mwangu kama ganda la yai, kipande kizima ukubwa wa kiganja, na chini yake rangi ya msingi ya kiwanda ikaonekana bila mkwaruzo. Katikati yake palikuwa na doa. Nilidhani ni uchafu. Nilikwisha kuliwekea ncha ya kisu nilipoona kwamba lina mistari, midogo, iliyozunguka, mmoja ndani ya mwingine. Ilikuwa alama ya kidole gumba. Mtu fulani, katika banda lile la pembeni, aliishika bodi hii kabla rangi haijakauka, akaisukuma, akaenda zake.

Nilimwita Msasa. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akainama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye bati. Nilisubiri kuambiwa kwamba mtu yule alikuwa mchafu, na kwamba rangi mbichi haiguswi. Angeweza kulifuta doa lile kwa kupitisha msasa mara tatu tu.

"Dada," alisema, "hapo usiguse."

Akachukua chaki, akaizungushia ile alama duara, kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia haumtii. Duara halikuwa zuri. Kisha akanionyesha nianzie wapi upya, upande wa pili wa duara, nasi tukaendelea.